Makofi, Kuzomewa na Haki ya Kusikilizwa

Mwaka 1970 raia wa nchi yetu waliitwa kumchagua Rais. Mgombea alikuwa mmoja, Joseph-Désiré Mobutu, na chama kilikuwa kimoja, MPR. Kila mpiga kura aliwekewa kadi mbili. Ya kijani ilikuwa na maana ya ndiyo, nyekundu ilikuwa na maana ya hapana. Na watu walikuwa wamefundishwa mapema kwamba kijani ni matumaini na nyekundu ni machafuko. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa haya: waliokubali 10,131,669, waliokataa 157.

Ndugu vijana, tunawaomba mtulie kidogo mbele ya hesabu hii. Hakuna familia ambamo watu kumi hukubaliana katika kila jambo, sembuse watu milioni kumi. Lakini hata tukiiacha mashaka yetu juu ya hesabu, limebaki jambo lingine zito zaidi. Yule aliyeshika kadi nyekundu hakupewa nafasi ya kusema kwa nini aliishika. Na yule aliyeshika ya kijani hakuulizwa sababu yake pia. Kadi haina kinywa. Inaonyesha upande, haielezi neno.

Siku hizi, kuliko zamani, ni rahisi sana kulikubali au kulikataa neno la mwenzetu kwa ishara tupu, na kulifanya lisisikike tena kwa sababu wengi hawakulipenda. Wengine husema kwamba huo ndio uhuru wenyewe: wewe una haki ya kusema, nasi tuna haki ya kukukataa. Wengine husema kwamba huo ni udhalimu wa wengi juu ya wachache. Ili tuweze kupima kauli hizo mbili, hatuhitaji kwenda mbali. Historia ya nchi yetu, na hasa historia ya mji wetu huu wa Likasi, imetuachia fundisho ambalo tulilipia kwa bei kubwa.

Ishara isiyo na neno

Baada ya kadi yakaja makofi. Mwaka 1975, ulipofika wakati wa kuwateua wabunge, kura haikupigwa hata kidogo. Majina ya wateule wa chama yalisomwa hadharani, na umati uliokusanyika ukayashangilia. Makofi yakahesabiwa kuwa ni uchaguzi. Aliyekuwa na shaka angefanya nini? Angeweza kutopiga makofi, lakini katikati ya umati mkono uliotulia huonekana upesi kuliko mkono unaopiga.

Katika miaka hiyohiyo neno lililoandikwa nalo lilibanwa. Mwaka 1972 gazeti la Kikatoliki Afrique chrétienne lilifungiwa, na Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa kwa sababu alipingana na serikali katika jambo la majina ya ubatizo na siasa ya kurudia asili. Hivyo mambo mawili yalikwenda pamoja: waliosema kwa maneno walifungwa vinywa, na waliobaki walitakiwa waseme kwa mikono.

Desturi ya kumwondoa mtu kwa ishara tupu si ya kwetu peke yetu, wala si ya jana. Katika mji wa Athens wa Wagiriki wa kale, karne ya 5 kabla ya Kristu, raia waliweza mara moja kwa mwaka kuandika juu ya kigae jina la mtu ambaye hawakumtaka tena mjini. Kura zikifika 6,000, aliyeandikwa na wengi zaidi alipaswa kuondoka kwa miaka 10. Hakushtakiwa kosa lolote, wala hakuitwa ajitetee. Hata Themistocles, aliyewaongoza Waathene kuwashinda Waajemi baharini pale Salamis mwaka 480, hakunusurika. Miaka michache baadaye alifukuzwa kwa vigae hivyo. Waathene walijisifu kwa uhuru wao wa kusema, na kwa haki walijisifu. Lakini katika desturi hii moja walikubali kwamba mtu aweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, mradi wahukumu wawe wengi.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Je, kuwa wengi kunatosha kuchukua mahali pa kusikiliza?

Barua ya watu kumi na watatu

Turudi nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1980 wabunge 13 walifanya jambo ambalo kadi na makofi havikuweza kulifanya: waliandika. Walimpelekea Rais barua ya wazi yenye kurasa zaidi ya 50, wakieleza moja kwa moja mabaya waliyoyaona katika uongozi wa nchi na mageuzi waliyoyataka. Miongoni mwao walikuwamo Étienne Tshisekedi wa Mulumba kutoka Kasai na Gabriel Kyungu wa Kumwanza kutoka huku kwetu, wakati jimbo lilipoitwa Shaba. Tunawaomba myakumbuke majina haya mawili, kwa maana tutakutana nayo tena.

Barua ile haikujibiwa kwa barua. Walioitia sahihi walivuliwa ubunge, walikamatwa, na baadaye walipelekwa uhamishoni vijijini. Watu 13 mbele ya milioni kumi za kadi za kijani: kwa hesabu tu, walikuwa si kitu. Lakini maneno yao yalisomwa kwa siri, yakanakiliwa, yakapita mkono kwa mkono, kwa sababu yalikuwa na hoja ndani yake. Mtu angeweza kuyakubali au kuyakataa baada ya kuyasoma. Huo ndio ubora wa neno lililoelezwa: linampa msomaji kitu cha kupima.

Miaka 10 baadaye hali ya nchi ilikuwa imeharibika mno, na Rais mwenyewe akalazimika kuwauliza watu maoni yao. Mwanzoni mwa mwaka 1990 alizunguka majimboni, naye akapokea maandiko zaidi ya 6,000 kutoka kwa watu binafsi, vyama vya kazi, wafanyakazi wa serikali na makanisa. Maaskofu Wakatoliki nao waliandika lao mwezi wa Machi, wakisema bila kuficha kwamba mzizi wa taabu za nchi ulikuwa katika mfumo wenyewe wa siasa. Tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele, Rais alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika hotuba hiyo alisoma hesabu: maandiko 5,310 yalitaka MPR irekebishwe, na 818 tu ndiyo yaliyotaka vyama vingi. Hata hivyo yeye alichagua njia ya hao 818.

Tunaweza kuwa na maoni yetu juu ya hesabu ile na juu ya nia ya aliyeisoma. Lakini yafaa tutambue jambo moja: siku ile, hata katika kinywa cha mtu aliyeongoza kwa makofi kwa miaka mingi, ilikubaliwa kwamba neno la wachache laweza kuwa ndilo neno ambalo nchi inalihitaji.

Nchi yapata sauti

Tarehe 7 Agosti 1991 ulifunguliwa Kinshasa ule mkutano mkuu ambao wazee wetu huuita Konferansi ya Taifa. Wajumbe walikuwa zaidi ya 2,800, kutoka vyama vya siasa, mashirika ya raia, makanisa na majimbo yote. Mwezi wa Desemba walimchagua Askofu Mkuu wa Kisangani, Laurent Monsengwo Pasinya, kuwa mwenyekiti. Mijadala ilirushwa kwa redio na televisheni. Watu waliozoea kusikia sauti moja kwa miaka 25 walisikia kwa mara ya kwanza watu wakibishana hadharani juu ya mali ya nchi, juu ya watu waliouawa, juu ya madaraka.

Tarehe 19 Januari 1992 Waziri Mkuu, Nguz Karl-i-Bond, aliusimamisha mkutano huo. Ndipo kamati ya walei Wakatoliki ilipowaita waamini waandamane kwa amani, na Jumapili tarehe 16 Februari 1992 umati mkubwa ulitoka makanisani Kinshasa baada ya Misa. Hawakubeba silaha, walibeba Biblia, rozari na matawi. Wanajeshi waliwafyatulia risasi, na watu wakafa. Mkutano ulifunguliwa tena tarehe 6 Aprili.

Ndugu vijana, mara nyingi tunawakumbuka wafiadini wale kama watu waliotaka mabadiliko ya serikali. Ni kweli, lakini tuangalie vizuri walichokidai siku ile. Hawakudai chama fulani kishinde. Walidai mlango wa ukumbi ufunguliwe ili watu wasemezane, wakiwamo wale ambao waandamanaji wenyewe wasingekubaliana nao. Walikufa kwa ajili ya haki ya kusikilizana. Hiyo ni haki pana kuliko haki ya kushinda.

Likasi, mwaka 1992

Sasa tunafika mjini kwetu, na hapa tunahitaji kusema kwa uangalifu, kwa sababu wapo hai bado wengi walioumia.

Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ilijengwa na kazi ya watu waliotoka pande nyingi. Wenyeji wa nchi hii walikuwapo. Na kampuni ya madini, Union Minière, pamoja na kampuni ya reli, ziliwaleta wafanyakazi kutoka mbali, wengi wao kutoka Kasai, hasa tangu miaka ya 1920. Reli iliyokamilika mwaka 1928 iliunganisha machimbo ya Katanga na bandari ya mto Kasai, kupitia Kamina, Mwene-Ditu na mji ambao leo ni Kananga. Katika viwanda vya Shituru na Panda, na katika machimbo ya mawe ya chokaa hapa kwetu Kakontwe, watu wa makabila mengi walifanya kazi pamoja. Walioana. Watoto wao walisoma katika shule moja, nao wakazungumza Kiswahili kimoja.

Kulikuwa na manung'uniko pia, nayo hayakuwa ya uongo yote. Watu wengi wa jimbo waliona kwamba tangu wakati wa Wabelgiji kazi nzuri ziliwaendea wageni kuliko wenyeji, na kwamba mali ya ardhi yao iliwatajirisha wengine. Walikuwa na haki ya kusema hayo. Katika Konferansi mambo hayo yangeweza kuletwa mezani, yakapimwa kwa hesabu za ajira na mapato, yakajibiwa.

Hayakwenda njia hiyo. Tarehe 15 Agosti 1992 Konferansi ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu, mahali pa Nguz, ambaye alikuwa mtu wa jimbo letu. Gavana wa Shaba wakati huo alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Hayo ndiyo majina mawili tuliyowaomba myakumbuke: watu wawili waliotia sahihi barua moja mwaka 1980, wakateswa kwa ajili ya neno moja, sasa walisimama pande mbili. Katika mikutano ya hadhara ya gavana, watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Umati ulipiga makofi. Vijana wa chama cha UFERI, waliojulikana kwa jina la JUFERI, walilichukua neno hilo na kulipeleka mitaani.

Kuanzia mwezi wa Agosti na Septemba 1992, katika Likasi, nyumba za watu wenye asili ya Kasai zilishambuliwa, zikaporwa, nyingine zikachomwa. Watu waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbilia kituo cha gari la moshi na majengo ya shule, wakakaa huko kwa miezi mingi, wakilala chini, wakingoja treni. Wengi walikufa kwa maradhi kabla treni haijafika. Wengine walikufa njiani, katika mabehewa, juu ya reli ileile ambayo babu zao walikuja nayo kufanya kazi. Mwaka 1993 msiba uliendelea Kolwezi na mahali pengine. Waliofukuzwa katika jimbo zima walifika mamia ya maelfu, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa, hawajawahi kuiona Kasai.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu, ambaye sasa yuko mbele ya Hakimu aliye mkuu kuliko sisi, wala ili kufungua kidonda. Tunayasema kwa sababu ndani yake mna jibu la swali letu.

Tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Askari hakumzuia mtu yeyote kusema katika mikutano ile kwamba jirani yake si mdudu. Kulikuwa na sheria, tena ya zamani, ya tarehe 7 Juni 1966, iliyoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Ilikuwa bado katika vitabu, ila haikutumiwa. Kilichowanyamazisha watu wenye akili ni umati wenyewe. Aliyetaka kupinga alijua atazomewa, ataitwa msaliti, na jina lake litakumbukwa usiku. Kwa hiyo alinyamaza, na jirani yake akanyamaza, na kila mmoja akauona ukimya wa mwenzake kuwa ni kukubali. Hivyo neno lililopendwa na waliokuwa na sauti kubwa likaonekana kuwa ndilo neno la wote.

Wapo waliokataa. Wapo waliowaficha majirani zao nyumbani, waliowapelekea chakula kituoni, waliowatunzia funguo na vyombo. Hao hawakuhesabiwa katika makofi, lakini ndio walioiokoa heshima ya mji huu.

Na tuangalie pia jambo hili: watu waliolala kituoni walikuwa wamehukumiwa kama vile Themistocles alivyohukumiwa. Hapakuwa na shtaka wala utetezi. Hakuna aliyemwuliza fundi wa reli mwenye miaka thelathini kazini alikuwa na kosa gani. Wengi walikuwa wamekwisha kuonyesha upande wao, na hiyo ilitosha.

Je, kila neno liachwe lisemwe?

Kijana mmoja mwenye akili ataweza kutupinga hapa, na tunapenda atupinge. Atasema: "Mnatuambia tusimnyamazishe mtu kwa kumzomea. Lakini katika Likasi ubaya ulianza kwa neno baya lililoachwa lisemwe. Je, isingekuwa bora umati umzomee aliyesema bilulu, hata neno hilo lisisikike?"

Pingamizi hili lina uzito, na hatutalikwepa. Kwanza, tunakubali kwamba kumkataa msemaji ni namna ya kusema. Mtu hana deni la kupiga makofi. Kama siku ile nusu ya umati ingeondoka uwanjani, tungeisifu hata leo.

Pili, tunakubali kwamba kuna maneno yaliyovuka mpaka. Kumwita binadamu mdudu si maoni juu ya siasa. Ni kuitayarisha mikono ya watu kumponda. Jirani zetu wa Rwanda walijua hayo kuliko wote. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita Watutsi mende, na mwaka 1994 ilisaidia kuongoza mauaji. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa maneno, maandishi na picha, na papo hapo inaitaka haki hiyo iheshimu sheria na utulivu wa watu wote. Uhuru na mpaka wake vimeandikwa katika kifungu kimoja.

Lakini ni nani anayeuonyesha mpaka huo, na kwa njia gani? Hapa mfano wa Rwanda unatufundisha tena. Watu watatu walioshtakiwa kwa ajili ya redio ile na gazeti la Kangura walipelekwa mbele ya mahakama ya kimataifa ya Arusha. Kesi yao ilianza Oktoba 2000, na hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003. Kwa zaidi ya miaka mitatu mawakili wao walisema, mashahidi wao walisikilizwa, kila neno lililotangazwa lilisomwa na kupimwa. Kisha wakahukumiwa, na hata baada ya hukumu walipewa nafasi ya kukata rufaa. Watu walioshtakiwa kwa makosa makubwa namna hiyo walisikilizwa kwanza. Je, fundi wa reli wa Likasi alistahili kidogo kuliko wao?

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka mwishike. Kukataa si kosa. Kosa ni kukataa kabla ya kusikia, na kukataa bila kutoa sababu, na kuuona wingi wa waliokataa kuwa ndio sababu yenyewe. Neno baya linastahili kujibiwa kwa sauti, tena mapema, na mtu mwenye jina anayesimama mahali panapoonekana. Na likivuka mpaka, linastahili sheria. Kelele za umati haziwezi kuifanya kazi hiyo, kwa sababu umati unaozomea leo neno baya unaweza kesho kuzomea neno la kweli kwa sauti ileile. Kelele hazina kipimo ndani yake.

Wazee wa Waswahili walisema: wengi wape. Ni methali ya hekima kwa mambo yanayohitaji uamuzi: mahali pa kuchimba kisima, siku ya kazi ya pamoja, mtu wa kuongoza kikundi. Hapo wengi waamue, na wachache wakubali. Lakini kweli na utu wa jirani si vitu ambavyo wengi hupewa wavigawe. Kama ungeuliza katika mikutano ile ya mwaka 1992 ni nani aliye mwenyeji wa Likasi, makofi yangejibu vibaya.

Kwa vikundi vyetu vya vijana

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi anayechekwa mara moja mbele ya darasa hatanyosha mkono tena mwaka mzima, na darasa lote hupoteza yale ambayo angeyasema. Katika kikundi mambo ni hayohayo. Ndiyo maana tunapendekeza mazoea machache, mepesi kuyafuata.

Mtu akitoa neno ambalo hampendi, anayetaka kumpinga aanze kwa kulirudia neno hilo kwa namna ambayo msemaji mwenyewe ataikubali. Mara nyingi mtagundua kwamba alisema jambo tofauti na mlilolisikia. Kisha mpinzani atoe sababu yake kwa maneno, wala si kwa kicheko, mluzi au kugeuza uso.

Kikundi kikifikia uamuzi, mwandishi aandike katika kitabu cha mikutano neno la waliokuwa wachache pamoja na sababu zao. Tumeona kwamba watu 13 walikuwa wachache, na kwamba 818 walikuwa wachache.

Na mtu akisema neno linalomdharau binadamu kwa sababu ya kabila lake, lugha yake au mahali alipotoka baba yake, asiachwe bila jibu kwa kisingizio cha uhuru. Mmoja wenu, na ikiwezekana mtu wa kabila la msemaji mwenyewe, asimame palepale na kusema kwa utulivu kwa nini neno hilo si la kweli. Msingoje mkutano wa kesho. Katika Likasi neno bilulu lilitembea kwa sababu lilipita kwanza katika vinywa vya vijana ambao hakuna rafiki aliyewaambia: acha.

Leo wapo tena katika shule zetu na katika kwaya zetu watoto wa waliobaki, watoto wa waliorudi kutoka Kasai baada ya miaka ile, na watoto wa waliopiga makofi. Huketi kwenye benchi moja. Baadhi yao hawajui babu wa jirani yao alilala wapi mwaka 1992. Kituo cha gari la moshi bado kipo. Tunawasihi mwaulize wazee, mmoja mmoja, wa pande zote, na mwasikilize hadi mwisho kabla ya kutoa hukumu.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja mara moja uliponyamaza kwa sababu uliogopa kuchekwa au kuzomewa. Ni neno gani ambalo wenzako hawakulisikia?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuondoka katika mkutano wa msemaji na kumzuia asisikike?

3. Kati yenu, mna desturi gani ya kuyatunza maoni ya wachache baada ya kura kupigwa?

4. Mwalike mzee aliyeishi Likasi mwaka 1992 awasimulie aliyoyaona. Mkubaliane kabla hajafika kwamba hakuna atakayemkatiza.